Matamshi ya Kiurdu yanavyobadilika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya ni wa aina nyingi: mwenye kazi Dubai au Muscat anayesikia Kiurdu, lugha ya Pakistan na sehemu za India, kutwa, anayefuatilia tamthilia za Pakistan kwenye simu, aliyekulia karibu na majlisi za Muharram mjini Dar es Salaam au Mombasa, na mwanafunzi aliyeambiwa na mwalimu mmoja aseme "garm" na na mwingine aseme "garam". Majibu hayalingani urefu, maana mambo yenyewe hayalingani uzito.

Nisomeje maneno ya Kiurdu yaliyoandikwa hapa?

Irabu ndefu nimeziandika mara mbili: aa, ii, uu. E na o ni ndefu siku zote. Kh na gh ni zile za Kiarabu, kama katika "khalifa" na "ghali". Q ni k inayotolewa nyuma kabisa, kimioni. Nukta chini ya ṭ, ḍ na ṛ ina maana kwamba ncha ya ulimi imekunjwa nyuma kugusa kaakaa. Ñ mwishoni mwa irabu si konsonanti. Ni irabu inayopitia puani. Kialama katika p'h, t'h, k'h ni pumzi inayotoka pamoja na konsonanti.

Hiyo ya pumzi, watu wa Mombasa na Lamu hawahitaji kufundishwa. Anayetenga p'aa wa porini na paa la nyumba anayo tayari. Wengine washike kipande cha karatasi mbele ya midomo: kwa p'hal (tunda) karatasi itatikisika, kwa pal (nukta ya wakati) itatulia.

Kiurdu kilianza kutamkwa vipi?

Mizizi yake ni lugha ya eneo la Delhi, inayotokana na lugha za kale za India ya kaskazini. Mabadiliko makubwa kuliko yote yalitokea kabla jina "Urdu" halijatumika. Saba katika Kisanskriti, mojawapo ya lugha hizo za kale, ni sapta. Baadaye konsonanti mbili zikafanana, ikawa satta. Halafu ile konsonanti pacha ikapunguzwa kuwa moja, na irabu ikarefuka kufidia: saat. Mkono ulipita njia hiyohiyo: hasta, hatt'ha, haat'h. Jino, danta, likawa daañt, na n yake ikazama ndani ya irabu.

Kipunjabi, jirani wa karibu, kiliishia katikati ya safari: mpaka leo husema satt na hatt'h. Ndiyo maana Mpunjabi akisema Kiurdu utasikia mara nyingine konsonanti nzito pale ambapo mtu wa Lucknow, mji wa India ya kaskazini, angevuta irabu. Kipunjabi pia kina n ya ulimi uliokunjwa katika neno la maji, paaṇii. Kiurdu kimeifanya n ya kawaida, paanii.

Tunajuaje watu walitamka vipi kabla ya vinasa sauti?

Kwanza kwa ushairi. Mashairi ya Kiurdu hupimwa kwa silabi fupi na ndefu, kwa kanuni zilizotoka kwa Waarabu kupitia kwa Waajemi. Neno likikaa mahali fulani katika mshororo, lazima liwe na uzito fulani. Likitamkwa vingine mshororo unachechemea. Vina navyo ni ushahidi: mshairi akifanya maneno mawili yawe na kina kimoja, yalilingana masikioni mwake, hata kama leo hayalingani.

Pili kwa maumbo yaliyoachwa. Wali wa Deccan, mshairi wa kusini mwa India aliyefariki 1707, aliandika suuñ na kuuñ mahali ambapo leo ni se na ko. Mir Taqi Mir (1723–1810), ambaye wengi humwita mkuu wa washairi wa ghazal (mashairi ya mapenzi), alitumia kisuu na kab'huu. Leo ni kisii na kab'hii. Hayo hayakuwa makosa ya uandishi. Ndivyo vinywa vilivyosema.

Tatu kwa hati. Waandishi wa zamani walihangaika na sauti za ulimi uliokunjwa kwa sababu Kifarsi, walikoazima hati, hakina. Wengine waliweka nukta nne juu ya herufi ya t. Alama ya leo, ile ط ndogo inayopanda juu ya ٹ, ڈ na ڑ, ilizoeleka baadaye, wakati wa vitabu vya chapa. Vivyo hivyo herufi ھ ya pumzi: zamani ilichanganywa ovyo na h ya kawaida, na msomaji alitakiwa ajue mwenyewe.

Na tangu mwanzo wa karne ya 20 tuna sauti zenyewe. Gauhar Jaan, mwimbaji wa Calcutta, alirekodiwa kwenye santuri mwaka 1902. Baadaye kidogo serikali ya kikoloni ilirekodi wasemaji wa lugha za India mkoa kwa mkoa, kazi iliyofungamana na utafiti mkubwa wa lugha uliosimamiwa na George Grierson. Ukisikiliza sauti za enzi hizo, kinachoshtua si konsonanti, ni mwendo: watu walisema polepole, na kila irabu ndefu walikuwa wakiilipa haki yake.

Kwa nini wasemaji wa Kiurdu husema Ramzaan na sisi Ramadhani?

Kwa sababu maneno yaliyotoka Uarabuni yalifika kwao kwa mlango mwingine. Kiurdu hakikuyapokea kutoka kwa Waarabu. Kiliyapokea kutoka kwa wasomi, masufi na watawala waliosema Kifarsi. Kifarsi hakina dh wala th. Herufi nne za Kiarabu, ذ ز ض ظ, zote kilizisoma z. Tatu nyingine, ث س ص, zote s. Pwani yetu ilipokea maneno hayohayo mdomoni mwa Waarabu wenyewe, hasa wa Oman na Hadhramaut, kwa hiyo tukabaki na sauti zilizo karibu zaidi na asili.

Ukishaijua kanuni hii, unafungua maneno mengi kwa mkupuo. Dharura kwao ni zaruurat. Dhuluma ni zulm, dhalimu ni zaalim. Kadhi ni qaazii. Hadithi ni hadiis, mithali ni misaal, thawabu ni sawaab. Mswahili anayejifunza Kiurdu ana ghala la maneno tayari. Anabadilisha dh kuwa z na th kuwa s, kisha anakata irabu ya mwisho.

Lakini nimewasikia Wapakistani wakisema "Ramadaan". Je, wameacha Ramzaan?

Baadhi yao, ndiyo, na hili ni badiliko linalotokea mbele ya macho yetu. Tangu miaka ya 1980 umekuwepo mvuto wa kurudisha maneno ya dini kwenye Kiarabu: Ramadaan badala ya Ramzaan, na Allaah haafiz badala ya Khudaa haafiz wakati wa kuagana. Kazi za Ghuba, vituo vya televisheni vya dini na hisia kwamba Kifarsi "si cha dini vya kutosha" vyote vimechangia. Wazee wa Karachi na Lahore wengi hukereka, na magazeti ya huko huijadili karibu kila mwaka mwezi ukiandama.

Kichekesho ni kwamba Ramadaan yao si ya Kiarabu pia. ض ya Mwarabu, ile dh ya Ramadhani, ni nzito. Wao huweka d laini ya meno, sauti ya Kiurdu kabisa. Na anayesema Ramadaan bado anasema namaaz kwa swala na roza kwa saumu, maneno ya Kifarsi yote mawili, na haafiz yake yenyewe ina z ya Waajemi. Mie naona ni suala la utambulisho kuliko la sauti. Ukiwa mgeni, tumia lile analotumia mwenyeji wako.

Sauti ya ع (ain) ya Kiarabu ilikwenda wapi?

Katika hati ipo, mdomoni haipo. Imeacha alama tu: irabu iliyo jirani hurefuka au hubadilika. Baada ni baad, maalumu ni maaluum, mwaliko ni daawat. Ijumaa huandikwa jumʿa, na watu wengi husema jumma, kwa m nzito, kana kwamba nafasi ya ع imejazwa na konsonanti ya jirani. Mashekhe waliosoma Kiarabu huitamka wanapokuwa mimbarini, kisha huiacha wanapoagiza chai.

Jambo kama hilo lipo pia upande wa Kifarsi. Neno la ndoto huandikwa khwaab na husomwa khaab; hamu huandikwa khwaahish na husomwa khaahish. Zamani Waajemi walikuwa na kh iliyotamkwa kwa midomo ya mviringo. Sauti ilikufa, herufi ikabaki, na kila mtoto wa shule Pakistan hukosea imla yake.

Ni kweli kwamba Kiurdu kimehifadhi Kifarsi cha zamani kuliko Iran yenyewe?

Katika irabu, ndiyo. Kifarsi cha kale kilitofautisha e ndefu na ii, na o ndefu na uu. Iran ilizichanganya, India ilikuwa imeshaazima maneno kabla ya hapo na haikuona sababu ya kubadilika. Kwa hiyo mtu wa Delhi ana sher (simba) na shiir (maziwa), maneno mawili tofauti. Mtu wa Tehran husema shiir kwa yote mawili na muktadha humwokoa. Rafiki ni dost kwa Kiurdu, duust Iran. Nyama ni gosht kwa Kiurdu, guusht Iran. Siku ni roz, na kule ruuz.

Waafghani waliobaki na Dari, Kifarsi cha kwao, wamehifadhi hizo irabu pia, hivyo Kiurdu hakiko peke yake. Lakini inafaa kukumbuka pale mtu anapodai kwamba matamshi ya Kiurdu ni "Kifarsi kilichoharibika". Hapa aliyebadilika ni mwenye lugha.

Je, q inakufa?

Inategemea umesimama wapi. Chukua neno qalam, ambalo sisi tunalo kama kalamu. Familia za zamani za Lucknow na Delhi, na wasomaji habari wa redio, hutoa q kamili: nyuma ya ulimi inagusa kimio, sauti fupi na kavu kidogo, kama kizibo kinachong'oka kooni. Lahore na sehemu kubwa ya Punjab utasikia kalam, kwa k yetu ya kawaida. Hyderabad ya Deccan, kusini mwa India, ni khalam.

Hiyo ya Hyderabad ndiyo huzaa utani. Kila q yao ni kh, hivyo qabr, yaani kaburi, inasogea karibu mno na khabar, yaani habari. Qariib (karibu) inakuwa khariib. Watu wa kaskazini hucheka, wa Hyderabad huitetea kama alama ya mji wao, na hawana dalili ya kuiacha. Eneo hilo lina historia ndefu ya kujitegemea kilugha: lugha ya Delhi ilisafirishwa kwenda Deccan na majeshi na wahamiaji wa karne ya 14, hasa baada ya Sultani Muhammad bin Tughluq kuhamishia makao yake Daulatabad mwaka 1327, ikaota mizizi yake huko kando ya Kitelugu na Kimarathi.

Katika Pakistan q inapungua kwa sababu ya hesabu za watu tu. Kwa sensa ya 2023, waliotaja Kiurdu kuwa lugha yao ya kwanza ni kama asilimia 9. Wengine wote walikianza shuleni, mtaani au kwenye televisheni, wakiwa tayari na Kipunjabi, Kipashto, Kisindhi au Kisaraiki mdomoni. Kipunjabi hakina q. Mtu hatoi sauti ambayo mama yake hakumpa, isipokuwa akiona inamletea heshima, na heshima ya q leo imebaki kwenye usomaji wa mashairi, mahubiri na habari. Haijafa, ila imekuwa nguo ya Idi.

Mbona mwalimu wangu hukasirika nikisema "garam"?

Kwa sababu kitabuni ni garm. Lakini hebu fikiria mtungi wa viungo ulioko jikoni: umeandikwa garam masala, na hakuna mpishi wa Kihindi wala wa Kizanzibari aliyewahi kuuita "garm masala". Maneno mengi mafupi yaliyotoka Kifarsi na Kiarabu huishia na konsonanti mbili: garm (moto), sharm (haya), barf (barafu), sabr (subira), hukm (amri), fikr (fikira), qabr (kaburi). Ulimi wa India ya kaskazini haupendi konsonanti mbili mwishoni, hivyo mtaani huchomekwa a: garam, sharam, baraf, sabar, hukam, fikar, qabar.

Sisi tulifanya kazi hiyohiyo, tena kwa ukamilifu zaidi. Angalia barafu, subira, hukumu, fikira, kaburi, elimu, wakati. Tuliichomeka irabu katikati, tukaongeza nyingine mwishoni, tukaandika hivyo kwenye kamusi na hakuna aliyelia. Kiurdu kimebaki na garm ya maandishi na garam ya mdomo zikitazamana, na anayeilinda garm ni mshairi.

Huu hapa ushahidi. Ghalib, mshairi wa Delhi aliyefariki 1869, anajiuliza atakwenda Al-Kaaba na uso gani, kisha anamalizia: sharm tum ko magar nahiiñ aatii, yaani "ila wewe haya huna". Bahari ya shairi hilo inadai mshororo uanze na silabi ndefu, kisha fupi, kisha ndefu mbili. Shar ni ndefu, m ni fupi, tum ni ndefu, ko ni ndefu. Sawasawa. Sasa sema sharam: sha ni fupi, ram ni ndefu. Mshororo umeanguka kwenye neno la kwanza. Tazama pia nahiiñ, "hapana". Ghalib anaihesabu silabi mbili, na-hiiñ, fupi kisha ndefu. Mazungumzo ya leo Karachi huimeza h na kupata kitu kama naiiñ. Mshororo mmoja, na ndani yake mabadiliko mawili ya mdomo.

Kwa hiyo mwalimu wako hajakosea, na mpishi hajakosea. Ukisoma shairi kwa sauti, sema garm. Ukiagiza chai, garam.

Irabu zinabadilika pia?

Sana, na watu hawazioni kwa sababu hati haionyeshi irabu fupi. A fupi iliyo karibu na h imekuwa e pana: mji, shahr, husikika sheher, dada, bahan, ni behen, kusema, kahnaa, ni kehnaa. Hii imeshakuwa matamshi sanifu. Anayesema bahan kwa a kamili leo ataulizwa anatoka kijiji gani.

Nyingine ni ai na au. Hapo kale zilikuwa irabu mbili zinazoteleza, na mashariki, upande wa Bihar, bado unaweza kuzisikia hivyo. Delhi, Lahore na Karachi zimekuwa irabu moja pana. Khair inasikika kama kher, shaitaan kama shetaan. Sisi tuna heri na shetani, hivyo hatuna la kuwasimanga. Tofauti ni kwamba Kiurdu hakikuichanganya e hiyo pana na e ya kawaida: bel ni mmea unaotambaa, bail ni ng'ombe dume, na sikio la mwenyeji huzitenga bila shida. Mswahili, mwenye e moja tu, ndiye humtundika ng'ombe kwenye uzio.

Vijana husema "fir" badala ya "p'hir". Ni ulegevu?

Hapana, ni jitihada iliyopitiliza. Katika miji ya India, f ni sauti ya maneno ya Kifarsi, Kiarabu na Kiingereza, kwa hiyo ina harufu ya usomi. Mtu aliyejizoeza kuirekebisha p'h yake kuwa f mahali panapostahili huishia kuirekebisha hata pasipostahili: p'hir (tena) inakuwa fir, p'huul (ua) inakuwa fuul, p'hal inakuwa fal. Hati ya Devanagari, inayoandikia Kihindi, inachangia, kwa sababu f na p'h hushiriki herufi moja na hutofautishwa kwa nukta ambayo wachapaji wengi huiacha. Anayesoma kwa hati ya Kiurdu ana ف na پھ, maumbo mawili yasiyofanana hata kidogo, na kosa hilo humnasa kwa shida.

Kiurdu na Kihindi hutofautiana matamshi?

Mazungumzo ya sokoni, kidogo mno. Tofauti zinazosikika ni z, kh, gh na q, ambazo msemaji wa Kihindi asiyejali atazifanya j, k'h, g na k. Kuna jingine lisilotajwa sana: Kiurdu sanifu kimepoteza pumzi mwishoni mwa maneno kadhaa ambapo Kihindi kimeihifadhi. "Kitu kidogo" ni kuch kwa Kiurdu, kuch'h kwa Kihindi. Uongo ni j'huuṭ na j'huuṭ'h. Hapo Kihindi ndicho kikongwe.

Kugawanyika kwa India na kuzaliwa kwa Pakistan mwaka 1947 kulibadilisha nini?

Karibu kila kitu kuhusu nani anamsikia nani. Delhi ilipoteza sehemu kubwa ya Waislamu wake waliokuwa wenye Kiurdu na ikapokea wakimbizi wa Kipunjabi. Karachi, mji wa Kisindhi na wa bandari, ulijaa wahamiaji kutoka Delhi, Lucknow, Bihar, Hyderabad na kwingineko, kiasi kwamba sensa ya 1951 iliwakuta ni zaidi ya nusu ya wakazi. Watoto wao walicheza pamoja mtaani. Mtoto wa Hyderabad aliacha kh yake, wa Bihar aliacha ai yake ya kuteleza, na ikazaliwa Kiurdu ya Karachi: ya haraka, iliyonyooka, isiyo na mji wa asili. Upande wa India, sensa ya 2011 iliwahesabu wasemaji wa Kiurdu milioni 50.7 hivi, lakini wengi wao husoma shule kwa hati nyingine, na hilo limeathiri sauti zao za Kifarsi kuliko sheria yoyote.

Maneno ya Kiingereza yameingiaje?

Kwa ulimi uliokunjwa. T na d za Kiingereza husikika kwao kama ṭ na ḍ, ndiyo maana ḍaakṭar na ṭikaṭ. Konsonanti mbili za mwanzo nazo zilipata irabu, ila mahali pake hutegemea mkoa: shule ni iskuul Karachi na Uttar Pradesh, na sakuul Punjab, stesheni ni isṭeshan au saṭeshan. Wazee husema haspataal au aspataal kwa hospitali. Wajukuu wao waliosoma shule za Kiingereza huirudisha kwenye asili, wakijichekelea babu, na ndivyo badiliko moja linavyofutwa na jingine.

Nani anaamua matamshi sahihi?

Hakuna baraza lenye neno la mwisho. Bodi ya Kamusi ya Kiurdu mjini Karachi, iliyoanzishwa 1958, ilitoa kamusi ya majuzuu 22 na kukamilisha mwaka 2010, lakini kamusi haina mdomo. Kwa miaka mingi mwamuzi alikuwa redio. Z. A. Bukhari, mkuu wa kwanza wa Radio Pakistan, alijulikana kwa ukali wa matamshi, na kizazi kizima cha watangazaji kilipita mikononi mwa watu wa shule yake. Leo mwamuzi ni tamthilia na video za simu, na hizo hazina mhariri wa sauti.

Jibu bora nililowahi kusoma ni la zamani. Insha Allah Khan Insha, mshairi wa Lucknow, aliandika mwanzoni mwa karne ya 19 sarufi iitwayo Darya-e-Latafat, kwa Kifarsi, akichambua hata tofauti za usemi wa mitaa ya Delhi. Humo anasema kwamba neno lolote lililokwisha kuenea katika Kiurdu, liwe la Kiarabu, Kifarsi au Kituruki, ni neno la Kiurdu. Liwe limetumika kulingana na asili yake au kinyume chake, ni sahihi, kwa sababu usahihi wake unategemea matumizi ya Kiurdu. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 200, na bado kuna walimu wanaomchapa mtoto kwa sababu ya a moja.

Kiurdu cha Afrika Mashariki kina matamshi yake?

Kina vionjo. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliojenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901 walitoka hasa Punjab, na familia za Waislamu waliobaki zilisema Kipunjabi nyumbani na Kiurdu msikitini na kwenye barua. Makhoja wa Unguja, Dar es Salaam na Mombasa ni watu wa Kikachi na Kigujarati, lakini marsiya na nauha (mashairi ya maombolezo) za Muharram huzisoma kwa Kiurdu. Kigujarati cha kawaida huigeuza z kuwa j, hivyo mzee aweza kusema namaaj. Kijana aliyekua akisema zawadi na ghorofa hana sababu ya kushindwa na z wala gh.

Maneno tuliyoazima yanaonyesha kipi pwani ilikipokea na kipi ilikiacha. Gaaṛii ikawa gari: ulimi ukakunjuka. Laak'h ikawa laki: pumzi ikatoka.

Nianze na matamshi ya wapi?

Ya yule utakayezungumza naye. Ukiwa Ghuba, mtakuwa na Wapunjabi, Wapashto na Wamalayali wote wakitumia Kiurdu au Kihindi cha kusikilizana, na q yako hakuna atakayeiona. Weka nguvu kwenye pumzi na ulimi uliokunjwa, kwa sababu hizo ndizo zinazobadili maana: kaanaa ni mtu wa jicho moja, k'haanaa ni chakula, na mwenye hoteli ana haki ya kukasirika. Ukitaka mashairi, tafuta msomaji wa Lucknow au rekodi za watangazaji wa zamani, na ujifunze q, garm na nahiiñ ya silabi mbili tangu siku ya kwanza, maana kuziongeza baadaye ni kazi ngumu.